Mgonjwa wa saratani anabadilika usiku, anachomoa dripu na hamtambui hata mwanae. Wauguzi wenzangu mnafanyaje?

NesiWaZamu aliuliza:

Wakuu habari za leo, poleni na majukumu. Mi ni muuguzi wodi ya wanaume hapa Dodoma mjini, hospitali sitaitaja. Tunalaza mchanganyiko ila siku hizi wa saratani ni wengi, wa tezi dume, wa koo la chakula, wa ini, wengine wameshamaliza mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, wanarudi huku karibu na ndugu zao. Chuoni mambo ya saratani tuliyapita juu juu, mengi najifunzia kazini.

Sasa kuna mzee tunaye, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa, anakunywa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kila baada ya saa nne. Mchana ni mtu safi kabisa, anaulizia mvua kama imenyesha kwao Bahi, anawatania wanafunzi wa uuguzi. Giza likiingia anakuwa mtu mwingine. Anashuka kitandani anasema ng'ombe wametoka zizini, anachomoa kanula, kile kimrija cha dripu mkononi, damu inatapakaa shuka nzima, anamtazama mwanae wa kumzaa anamuuliza wewe nani na nani kakutuma. Juzi kamkunja mwenzangu sare mpaka vifungo vikakatika. Ikifika asubuhi raundi inapita, daktari anauliza mzee umeamkaje, anajibu salama daktari nimelala vizuri, inaandikwa kwenye faili anaendelea vizuri na ripoti yangu ya usiku hakuna aliyeisoma.

Usiku tuko wauguzi wawili wodi nzima. Kuna mwenzangu anasema tumfunge mikono kitandani na bandeji, mwingine anasema tumdunge diazepamu alale. Ndugu nao wamegawanyika, wapo wanaosema akili imeruka apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wapo wanaotaka atolewe kabisa aende kwenye maombi kwa sababu kwenye kuweweseka kwake alitaja jina la shemeji yake, na huko nyumbani watu wameanza kutazamana vibaya. Mimi nahisi hii ni deliriamu, yaani kuvurugika akili kwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, lakini nahisi tu, sina pa kushika. Mnatambuaje kwamba ni yenyewe na si kichaa wala si uzee, mnafanya nini kabla daktari hajafika, na ndugu mnawaambia nini wakaelewa? Naombeni msaada, huyu mzee ananiuma sana.

SistaPaliativu:

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni deliriamu, na dalili zake umeshaziandika wewe mwenyewe hapo juu. Imeanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, inapanda na kushuka, mchana yupo usiku hayupo, na akili haitulii kwenye kitu kimoja. Kichaa hakimuanzi hivi mtu mzima ambaye maisha yake yote alikuwa na akili zake timamu, na usahaulifu wa uzee unakuja polepole kwa miezi na miaka, hauji kati ya Jumatatu na Jumatano. Hapo kuna kitu mwilini hakiko sawa na ubongo ndo unapiga kelele. Kwa hiyo ukimkuta amesimama katikati ya wodi anatafuta ng'ombe, jiulize kwanza tangu jana kimebadilika nini kwenye mwili wa huyu mzee, kumtuliza kutafuata.

Mimi naanza na vipimo vya kitandani. Joto, presha, mapigo, oksijeni, sukari kwa glukomita, na malaria napima hata kama ilipimwa juzi, huku kwetu huwezi kuiruka. Kama ni mgonjwa aliyepata kemo ndani ya wiki mbili hivi nampigia daktari hapo hapo sisubiri joto lipande, maana chembe nyeupe zikishuka mtu anaweza kuwa na maambukizi makubwa kwenye damu na joto lisionekane kabisa, kitu cha kwanza kuonekana kikawa hiki hiki cha kuongea ovyo.

Halafu gusa tumbo. Nasisitiza tumbo la chini, kwa sababu mgonjwa wako ni wa tezi dume na yuko kwenye mofini, na vyote viwili vinazuia mkojo. Kibofu kinajaa mpaka kinakaribia kitovu na mzee hawezi kukwambia nina mkojo, anachoweza ni kuhangaika na kutaka kushuka kitandani. Ukipapasa unakuta kitu cha mviringo kigumu, ukikigonga kwa kidole sauti ni nzito na yeye anakunja uso. Muulize mwanae, baba kakojoa lini mara ya mwisho na kiasi gani, na choo kikubwa je? Mgonjwa wa mofini asiyepewa dawa ya kulainisha choo anakaa siku nyingi bila kwenda, na hilo peke yake linatosha kumvuruga mtu mzima.

Ukitoka hapo chukua chati ya dawa uisome yote, usiishie kwenye dawa za zamu yako. Natafuta dawa zinazoweza kuvuruga akili, amitriptilini, promethazini, piritoni aliyoandikiwa kwa kuwashwa na ikasahaulika pale, diazepamu ya usingizi, na deksamethazoni inayotolewa jioni. Hiyo deksa omba ihamie asubuhi, jioni inamnyima usingizi, na mgonjwa asiyelala ndo anayevurugika. Mofini usiiogope na usiikate kwa uamuzi wako, maumivu yasiyotulizwa nayo yanaleta deliriamu. Ila mtazame mikono akiwa amelala, vidole na mabega vinashtuka shtuka vyenyewe? Mkojo umepungua? Mabaki ya mofini yanatoka kwa njia ya figo, figo zikichoka yanajazana kwenye damu na ubongo unayumba. Hapo unaomba kreatinini, kipimo cha figo, daktari anapunguza dozi au anaachanisha zaidi muda wa kutoa. Na maji jamani. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja na joto hili la Dodoma, mgonjwa asiyeweza kushika kikombe mwenyewe anakauka huku jagi limejaa hapo pembeni kwenye kabati.

Kalsiamu na sodiamu pia, kama maabara yenu inapima. Kalsiamu inapanda zaidi kwa saratani ya titi, ya mapafu na mayeloma, ile saratani ya uboho, kwa tezi dume ni nadra. Kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, usingizi mzito, baadaye kuchanganyikiwa. Inatibika.

Kufunga mikono hapana. Anayefungwa anapambana zaidi, anajichubua, na hofu inaongezeka kwa sababu tayari anaamini kuna watu wabaya na sasa watu wabaya wamemfunga. Na msimsikilize mtu anayesema hajui anachofanya, hatakumbuka. Kuna utafiti wa New York uliotoka 2002, waliwauliza wagonjwa wa saratani waliopata deliriamu hospitalini wakapona, zaidi ya nusu walikuwa wanakumbuka. Wakapima na mateso ya moyoni kwa kipimo cha 0 mpaka 4, wagonjwa waliokumbuka walikuwa wastani wa 3.2, wenza na ndugu waliokuwa wanauguza wakafika 3.75, wauguzi nao wakazidi 3. Kwa hiyo hata wewe hapo ulipo umeumia, usilimeze peke yako.

Kuhusu Mirembe waeleze ndugu kwa heshima, ni hospitali na ina wataalamu, na daktari wa magonjwa ya akili akiweza kuombwa ushauri ni sawa kabisa. Lakini kumpakia kwenye gari mzee mwenye saratani, ambaye pengine ana mkojo umeziba au maambukizi kwenye damu, ni kumpeleka mbali na matibabu anayoyahitaji usiku huo huo.

BintiWaKondoa:

Naomba niongee kama ndugu wa mgonjwa, mi si muuguzi. Nimemuuguza baba, saratani ya ini, na hiki anachokieleza nesi nilikiona kwa macho yangu.

Hakuna aliyetuambia mapema kwamba hiki kitu kinaweza kutokea, hilo ndo linaniuma mpaka leo. Tuliambiwa kuhusu kutapika, kuhusu tumbo kujaa maji, kuhusu macho kuwa ya njano, hili halikutajwa. Siku baba alipoanza kuchomoa nyuzi za blanketi moja moja na kuzipanga kwenye mto wake wa kulalia kama anahesabu pesa, sisi tulijua ndo anaaga. Kaka zangu wakapigiana simu, usiku ule ule watu wakaanza safari kutoka Kondoa, asubuhi kitanda kimezungukwa na watu kila mmoja anamuuliza baba unanijua mimi nani, unanijua mimi nani, na yeye anazidi kuogopa. Hatukujua kwamba kumuuliza vile ni kumtesa.

Kuna muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyetuokoa. Alitutoa wote, akambakisha mama na mimi. Akatufundisha namna ya kuongea naye, sogea upande anaokuona, mshike mkono, mtaje kwa jina analolizoea, jitaje na wewe, mwambie hapa ni hospitali, sasa ni usiku, mimi nipo hapa siondoki, basi. Akisema kuna watu juu ya dari usimbishie na usimkubalie, mwambie mimi siwaoni baba lakini najua unaogopa, niko na wewe. Akatuambia tulete miwani yake maana tulikuwa tumeiacha nyumbani isivunjike, na kaofia kake, na blanketi lake lenyewe. Kingine, baba alipovurugika Kiswahili kiliondoka, akabaki na Kirangi tu, watu wakadhani anaropoka maneno yasiyo na maana kumbe alikuwa anaomba maji. Wauguzi mkiona mgonjwa anasema vitu hamvielewi muulizeni ndugu kwanza anaongea lugha gani.

Na hili la shemeji nalijua uchungu wake. Baba alimwambia mama mbele ya watu kwamba uji wake una sumu. Miaka yote ya ndoa yao, mama akakaa chini ukutani akalia. Baba wadogo wakaanza minong'ono. Yule yule muuguzi akawaita kwenye korido akawaambia, usiku wa kuamkia leo huyu mzee ameniita mimi jina la mwalimu wake wa shule ya msingi na akasema nimemwibia baiskeli, je mtanipeleka polisi? Wakanyamaza. Akawaeleza taratibu kwamba ini limeshindwa kusafisha damu, uchafu umefika kichwani, anachosema ni ugonjwa ndo unaongea, na dawa anazopewa za kumfungua choo ni za kupunguza uchafu huo. Walielewa, watu wanaelewa wakielezwa na mtu aliyetulia. Mama alirudi kumlisha uji.

Nesi waambie hao ndugu leo leo, usingoje ugomvi ufike kijijini.

TabibuDom:

Sista ameshamaliza karibu kila kitu, mimi naongezea upande wa sindano kwa sababu ndo panapoharibika usiku.

Diazepamu kama dawa ya kumtuliza mgonjwa wa deliriamu mara nyingi inazidisha. Analala kwa muda wa saa mbili, anaamka amevurugika zaidi na miguu haina nguvu, anaanguka. Ina mahali pake, mtu aliyeacha pombe ghafla kwa sababu ya kulazwa, huyo siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu, huyo anaihitaji. Kwa hiyo muulizeni ndugu bila kumhukumu mgonjwa kama alikuwa mnywaji wa kila siku. Na ugoro au sigara ulizeni pia, mzee aliyezoea kunusa tangu ujana akikatiwa ghafla anahangaika.

Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, tunaitumia, dozi ndogo, mzee unaanza na nusu miligramu mpaka miligramu moja, lakini isiwe jibu la kwanza. Australia walifanya utafiti kwa wagonjwa 247 wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, ukatoka 2017, waliopewa risperidoni au haloperidoli dalili zao zilikuwa mbaya zaidi kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu, lakini wote walikuwa wanapewa uangalizi mzuri na chanzo kinatafutwa. Mimi ninachokifanya, dawa naiandika pale mgonjwa anapoteseka na anachokiona au ni hatari kwake na kwa wengine na njia nyingine zimeshindikana, na naandika siku ya kuipitia upya, vinginevyo inabaki kwenye chati mpaka siku anaruhusiwa. Mgonjwa aliye siku zake za mwisho ni habari nyingine, hapo lengo ni atulie asiteseke, na mpango wa dawa unaandikwa mapema ili muuguzi wa usiku asibaki anapiga simu isiyopokelewa.

Na kuhusu raundi kumkuta mzee yuko sawa, usiandike "anasumbua usiku", hilo neno halimwambii daktari kitu. Andika saa 8:20 usiku hajui yuko wapi, amechomoa kanula, anaona ng'ombe, oksijeni kadhaa, sukari kadhaa, saa 11 amelala, saa 1 asubuhi anajibu vizuri. Mimi nikisoma hivyo siwezi kuruka. Ikiwezekana mwite wa zamu amuone akiwa kwenye hali hiyo hiyo. Kurekodi video kwa simu naomba msifanye na wakatazeni ndugu, nimeshaona video ya mgonjwa akiwa uchi anaweweseka inazunguka kwenye grupu la ukoo, yule mtu alipona akaikuta.

NesiSingida:

Jamani tumeongelea wanaopiga kelele, mimi nina hofu na wale wanyamavu. Wodi ya wanawake tunao wa saratani ya mlango wa kizazi, wanakuja imeshasambaa. Unaingia zamu unaambiwa yule mama wa kona hana shida, ametulia, analala tu. Unamsemesha anafungua macho anajibu neno moja anafumba. Uji haumezi, unakaa mdomoni. Unamuuliza watoto wangapi anaanza kuhesabu anaishia katikati anatazama ukuta. Watu wanasema amekata tamaa, au ana huzuni, au amechoka tu na ugonjwa. Kumbe uvimbe umebana mirija ya mkojo, figo zinakufa, urea, uchafu unaotakiwa kutoka na mkojo, imepanda kwenye damu. Naye huyo ni deliriamu, ya kimya, na ndo inayotupita wengi kwa sababu haimsumbui mtu. Mgonjwa asiyekusumbua usiku mzima inabidi umwendee.

Sisi tunatumia Nu-DESC, fomu fupi ya kutambua deliriamu, ilitengenezwa Kanada ikatoka 2005 na waliijaribu kwa wagonjwa waliolazwa wakiwemo wa saratani, inafaa kwa sababu ni ya muuguzi na inachukua kama dakika moja. Unaangalia vitu vitano katika zamu yako: hajui alipo au ni saa ngapi au watu ni nani, tabia isiyoendana na mahali kama kuvuta mirija au kushuka kitandani, maongezi yasiyoeleweka au kutoongea, kuona au kusikia visivyokuwepo, na kuwa mzito kupita kawaida yake. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2. Ikifika 2 kwa jumla unaita daktari. Hicho cha tano ndo kinachowakamata wanyamavu.

Vile vipimo vya kumwambia mgonjwa ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba vinatusumbua, bibi ambaye hakusoma hata akiwa mzima hawezi, na ukimuuliza umri anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa. Mimi namwambia ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Jumapili, akishindwa namwambia anibane mkono kila nikisema neno fulani. Naangalia kama anaweza kukaa na jambo moja mpaka mwisho, ujuzi wake wa shule haunihusu. Na swali linalonisaidia kuliko yote ni la ndugu: huyu mama tangu jana au juzi unamuona ni yule yule? Mtu anayemlisha kila siku anajua kabla ya mashine yoyote.

SistaPaliativu:

NesiSingida umeongea jambo zito, na huyo mama wa urea anaweza kuwa na nafasi, wengine wakiwekewa mrija wa kuzibua figo wanarudi. Hata kwa saratani iliyosambaa karibu nusu ya deliriamu zinageuka chanzo kikipatikana, ndo maana nakasirika mtu anapoandikiwa "ni hali ya ugonjwa wake" bila hata kupimwa sukari.

NesiWaZamu:

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Nawapa mrejesho.

Jioni nilipoingia zamu nilienda moja kwa moja kwa mzee kabla ya kupokea hata ripoti yote, nikamwamkia kwa Kigogo, mbukwa, nikaomba ruhusa nipapase tumbo. Kibofu kilikuwa kimejaa, kiko juu kabisa, na shuka ilikuwa na unyevu kidogo kidogo ndo maana kila mtu aliandika anakojoa. Nilimwita daktari wa zamu akaja, tukaweka katheta, mrija wa kutoa mkojo, mkojo ukatoka mwingi sana na wa harufu kali, umepelekwa maabara na ameanzishiwa dawa ya maambukizi. Kwenye chati tulikuta promethazini ya kila usiku iliyoandikwa tangu wiki aliyolazwa kwa ajili ya kichefuchefu ambacho hana tena, imesimamishwa. Mofini imebaki palepale, amewekewa dawa ya kulainisha choo.

Usiku ule alihangaika bado, alitaka kushuka kama kawaida, ila hakumpiga mtu. Usiku uliofuata alilala mpaka alfajiri. Sijui kama ni mkojo au promethazini au vyote. Bado akili inapotea potea jioni lakini sasa akiambiwa hapa ni hospitali anakubali, jana alimwita mwanae kwa jina. Inchaji, muuguzi kiongozi wa wodi, ameruhusu mwanae akae naye usiku, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha na mbali na ile taa inayowaka usiku kucha, na dripu tumeifunika na bandeji ya mkono asiione.

Ndugu nimekaa nao na mfano wa baiskeli nimeutumia hivyo hivyo, BintiWaKondoa Mungu akubariki. Shemeji mwenyewe alikuwepo, alilia. Wamekubali asitolewe, mchungaji wao aje kumuombea hapa hapa wodini, mtu mmoja na kwa sauti ya chini.

Nina maswali mawili yamebaki. Katheta naogopa ikikaa sana nayo itamsumbua. Na kuna kaka yake amekuja na karatasi ya shamba anataka mzee aweke dole gumba, anasema mchana akili zake ziko sawa kwa hiyo hakuna tatizo.

SistaPaliativu:

Katheta umeogopa sawa, mrija nao unavuruga na unaleta maambukizi. Waulize madaktari kila siku kwenye raundi kama bado anaihitaji, choo kikifunguka na dawa ya tezi ikifanya kazi wajaribu kuitoa, na baada ya kuitoa mpapase tena tumbo usiku huo huo. Wakati ipo ipitishe chini ya nguo usimwachie ionekane, kinachoonekana ndo kinachovutwa.

Karatasi ya shamba isisainiwe. Akili inayopanda na kushuka siyo ya kuwekea dole, hata mchana anapoonekana yuko sawa, na hiyo ni pamoja na fomu ya ridhaa ya upasuaji wowote, daktari ampime kwanza kama anaelewa anachokubali na aandike kwenye faili. Mwambie huyo kaka kwa adabu kwamba mgonjwa ana deliriamu, imeandikwa na daktari, na hospitali haiwezi kushuhudia dole hilo, mzee akitulia siku kadhaa mfululizo usiku na mchana mambo ya ukoo wataongea wakiwepo watoto wake. Usibishane naye peke yako, mpeleke kwa inchaji au kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, hiyo ni kazi yake.

BintiWaKondoa:

Na mwanae anayekesha mpeni kiti chenye mgongo jamani, na mtu wa kumpokea asubuhi akalale.